Uman: Kaburi moja linalindwa, makaburi yaliyolizunguka yanapotea

Septemba 2025, kwa mwaka wa nne mfululizo tangu Ukraine ifunge anga lake kwa ndege za abiria, makumi ya maelfu ya Wayahudi wa Kihasidi walifunga safari kwenda kuzuru kaburi la mwalimu wao huko Uman, mji wa watu wapatao 80,000 ulioko takriban kilomita 200 kusini mwa Kyiv. Walishuka kwenye viwanja vya ndege vya Moldova, Romania na Poland, wakapanda mabasi, wakasota mipakani kwa saa nyingi na mabegi yao, vitabu vya sala na watoto wa kiume waliojaa usingizi, kisha wakaingia katika nchi ambayo ving'ora vya mashambulizi hulia usiku na mchana. Serikali ya Israel huwaonya kila mwaka wasiende. Ukraine nayo imewahi kuwaomba wasije. Wanakwenda. Na kila mwaka habari zao huandikwa kwa namna mbili zilezile: ama ni washupavu wa dini wanaokimbilia vitani kusalia kaburi, ama ni utalii wa dini ambao wenye nyumba za Uman hawataki uwapite hata kama mabomu yanaanguka.

Naona tunauliza swali ambalo silo. Hatari ya vita ni ya kweli na nitaizungumzia, lakini vita vitakwisha na Uman itabaki na jambo zito zaidi. Mahali wanapokwenda watu hawa ni eneo la makaburi ya kale ambalo jamii iliyolizikia imeuawa, mawe yake yameng'olewa, na ardhi yake imejengwa nyumba. Hija hii ndiyo iliyofanya mahali hapo pasifutike kabisa. Lakini hija hiyohiyo, kwa ukubwa ilioufikia leo, imelifanya kaburi moja ling'ae kiasi kwamba maelfu ya wengine waliozikwa kando yake hawaonekani. Swali la kujibiwa ni hili: makaburi ya watu walioangamizwa ni ya nani, na nani ana wajibu wa kuyatunza yote?

Aliyezikwa katika kaburi hilo ni Rabi Nachman wa Breslov. Alizaliwa mwaka 1772 Medzhybizh, magharibi mwa Ukraine ya leo, akiwa kitukuu wa Israel ben Eliezer, yule Baal Shem Tov ambaye mafundisho yake ndiyo yaliyozaa Uhasidi katika karne ya 18. Uhasidi uliwaambia Wayahudi maskini wa vijiji vya Ulaya ya Mashariki kwamba Mungu hafikiwi kwa elimu ya vitabu peke yake. Anafikiwa pia kwa furaha, kwa sala ya moyo, na kwa kushikamana na mwenye haki, yaani kiongozi wa kiroho ambaye sala yake hubeba sala za wafuasi wake. Nachman alilichukua fundisho hilo akalipeleka mahali pa peke yake. Aliwafundisha watu kwenda porini au shambani usiku wakazungumze na Mungu kwa lugha ya nyumbani, kama mtu anavyozungumza na rafiki. Alisimulia hadithi za wafalme, ombaomba na mabinti waliopotea ambazo wasomi wanazichambua hadi leo. Aliugua kifua kikuu, akafariki Oktoba 1810 akiwa na miaka 38 tu.

Miezi michache kabla ya kufa alihama Bratslav, mji ambao kundi lake limechukua jina la Breslov, akaenda Uman. Hakwenda kutafuta tiba. Alikwenda kutafuta mahali pa kuzikwa, na alipachagua kwa sababu ya majirani. Mwaka 1768 waasi wa Kiukreni walioitwa Wahaidamaki, wakiongozwa na Maksym Zalizniak na kusaidiwa na Ivan Gonta, ofisa wa Kikozaki aliyewageuka Wapolandi aliokuwa akiwatumikia, waliuteka mji huo na kuwachinja maelfu ya Wayahudi na Wapolandi waliokuwa wamekimbilia ndani ya ngome yake. Waliouawa walizikwa katika makaburi ya Wayahudi ya Uman. Nachman aliishi siku zake za mwisho katika nyumba ambayo dirisha lake lilitazama makaburi hayo, na wanafunzi wake waliandika kwamba alitaka kulala kati ya mashahidi wale na kuzishughulikia roho zao. Nalikazia hili kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi. Mtu ambaye leo watu wanavuka mipaka mitatu kumfuata hakuomba kaburi la peke yake. Aliomba kulala na wenzake.

Aliacha pia ahadi. Mbele ya mashahidi wawili alisema kwamba yeyote atakayefika kaburini kwake, akatoa sarafu ya sadaka na kusoma zaburi kumi alizozichagua, kuanzia ya 16 hadi ya 150, basi hata kama dhambi zake zimekithiri yeye atajinyoosha kwa urefu na upana kumwokoa, na atamvuta kutoka Jehanamu kwa vishungi vya nywele zake za panjani. Na kuhusu Rosh Hashana, Mwaka Mpya wa Kiyahudi ambao ni siku ya hukumu, alisisitiza kwamba hakuna mfuasi wake anayepaswa kukosa kuwa pamoja naye. Ndiyo sababu msongamano wa Uman huwa Septemba au Oktoba, mwezi wa sikukuu hiyo, ingawa watu huzuru kaburi mwaka mzima. Anayefika huko haendi kutazama. Anajipenyeza katikati ya miili hadi karibu na jiwe lililofunikwa, anaegemeza paji la uso, anasoma zaburi zake kumi kwa sauti ya chini, pengine akilia waziwazi mbele ya watu asiowajua, anadondosha sarafu, kisha anasukumwa kando ili mwingine apate nafasi.

Baada ya kifo chake mwanafunzi wake mkuu, Natan wa Nemyriv, aliwakusanya wafuasi Uman kwa Rosh Hashana ya 1811, na toka hapo mkusanyiko ukawa desturi. Hawakumteua kiongozi mwingine. Makundi mengine ya Kihasidi yenye marabi walio hai yaliwakejeli kwa kuwaita Wahasidi wa wafu. Walikuwa wachache, maskini, na Natan mwenyewe aliteswa na Wahasidi wenzake. Kisha yakaja mapinduzi ya 1917 na mpaka mpya. Wafuasi waliobaki Poland hawakuweza tena kufika Uman, wakaanza kukusanyika Lublin. Waliobaki upande wa Kisovieti waliendelea kwa kificho. Katikati ya miaka ya 1930 sinagogi lao la Uman lilifungwa, na kukamatwa ukisali kaburini kulikuwa na maana ya gereza au Siberia. Kiti cha mbao cha Nachman, kilichochongwa kwa ufundi na mfuasi mmoja mwaka 1808, kilikatwa vipandevipande ili kiweze kuvushwa, kikaunganishwa tena baadaye huko Jerusalem, ambako kimo hadi leo.

Mwaka 1941 Wajerumani waliingia Uman. Septemba na Oktoba ya mwaka huo maelfu ya Wayahudi wa mji huo walipigwa risasi na kufukiwa katika mashimo ya pamoja. Katika ardhi ya Ukraine nzima Wayahudi wapatao milioni moja na nusu waliuawa katika miaka ya vita. Jamii iliyozika wafu wake Uman kwa vizazi vingi ilikwisha katika majuma machache, na makaburi yakabaki bila mwenyewe. Baada ya vita uongozi wa Kisovieti ukayatoa kwa ujenzi wa nyumba. Wazee wa Breslov husimulia kwamba nyumba moja ilijengwa huku ukuta wake ukipita kando kabisa ya kaburi la Nachman, likawa chini ya dirisha la mtu. Wafuasi wachache walioujua mji ndio waliokumbuka liliko, na miaka ya 1960 vijana wachache wa Kiamerika walijipenyeza katika mji huo ambao wageni walikuwa wamepigwa marufuku, wakaelekezwa na wazee hao. Kama hao wasingekwenda, leo pangekuwa na ua wa nyuma wa nyumba na kamba za kuanikia nguo. Mwaka 1988, Umoja wa Kisovieti ulipoanza kulegea, kundi la kwanza la Wahasidi wapatao 250 liliruhusiwa kuadhimisha Rosh Hashana hapo. Mwaka uliofuata walizidi elfu moja. Kabla ya vita hivi vya sasa walikuwa wakifika 30,000 na hata zaidi, wakiwamo Wayahudi kutoka Moroko na Yemen kwa asili, wanamuziki, wafungwa waliomaliza vifungo, watu ambao mwaka mzima hawaingii sinagogi.

Sasa turudi kwa wanaoipinga hija hii, maana wana hoja na baadhi ni nzito.

Hoja nzito kuliko zote ni ya uhai. Sheria ya Kiyahudi yenyewe inasema kuokoa maisha kunatangulia karibu amri zote. Aprili 2023 kombora la Urusi liliporomosha jengo la ghorofa mjini Uman usiku watu wakiwa wamelala, na watu 23 walikufa, watoto wakiwamo. Kukusanya umati wa makumi ya maelfu katika mitaa michache ya mji huo, ambako mahandaki ya kujikinga hayawatoshi, ni kujihatarisha kweli. Na hatari si ya mahujaji peke yao. Polisi, zimamoto na madaktari wa Ukraine wanaohitajika kwingine wanapelekwa kuwalinda wageni. Mwaka 2023 Waziri Mkuu Netanyahu aliwaambia wanaokwenda kwamba wajibu ni wao wenyewe, akaongeza kwamba Mungu hakuwalinda Wayahudi kila mara katika ardhi ya Ulaya, wala ya Ukraine. Wanasiasa wa kidini walimjia juu, lakini kwa historia alikuwa sahihi, na ardhi ya Uman ni ushahidi. Wanaosema mwenye haki atawalinda wanapaswa kukumbuka kwamba waliouawa 1768 na 1941 nao walikuwa watu wa sala.

Mimi sioni kwamba hoja hii imejibiwa vya kutosha na viongozi wa Breslov. Historia yao wenyewe inawapa njia nyingine. Walipofungiwa mpaka walikusanyika Lublin, na hakuna aliyewahukumu kwamba wamemkana mwalimu wao. Wapo hadi leo wafuasi wanaokusanyika Jerusalem na Meron, huko Israel, badala ya kusafiri. Desturi iliyoweza kustahimili miaka 70 ya marufuku inaweza kustahimili vita. Lakini kusema hivyo ni tofauti na kusema wanaokwenda wana wazimu. Baba zao walikwenda kwa kuhatarisha maisha wakati dunia nzima ilikuwa kimya, na katika simulizi za kundi hili hao ndio mashujaa. Ukimwambia kijana aliyelelewa kwa simulizi hizo kwamba kuna hatari, umemwambia jambo ambalo kwake linaongeza thamani ya safari. Ndiyo maana maonyo ya serikali hayazai kitu. Na mwaka 2020, Ukraine ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, mahujaji wapatao 2,000 walikwama kati ya Belarus na Ukraine, wakalala barabarani kwenye baridi, wakiimba na kucheza mbele ya askari wa mpaka. Anayedhani watu hawa watazuiwa kwa tangazo la ubalozi hajawaelewa.

Hoja ya pili ni ya kidini, na wasomaji wengi wa pwani yetu wataitambua mara moja. Je, kusali kaburini si kumwomba maiti? Kumbukumbu la Torati 18:11 inakataza waziwazi kutafuta habari kwa wafu, na tangu mwanzo Uhasidi ulipata wapinzani wakali ndani ya Uyahudi, wakiongozwa na yule msomi mkuu wa Vilna, walioona kwamba mwenye haki anapewa nafasi isiyo yake. Wengine hawaupingi Uhasidi lakini wanauliza kwa nini mume amwache mke na binti zake katika siku tukufu kuliko zote, maana umati wa Rosh Hashana Uman ni wa wanaume karibu wote. Wahasidi hujibu kwamba sala inaelekezwa kwa Mungu tu, na mwenye haki ni mwombezi. Wanataja simulizi ya Talmudi, mkusanyiko wa kale wa mafundisho ya marabi, kwamba Kalebu, mmoja wa wapelelezi wa Musa, alijitenga akaenda Hebroni kuomba kwenye makaburi ya mababu ili aokolewe na shauri baya la wenzake. Anayejua mabishano ya Waislamu wa Lamu na Mombasa kuhusu ziara na tawasuli anajua pia kwamba mabishano haya hayamalizwi kwa aya moja. Kila upande una maandiko na una wazee wake. Mimi si Myahudi na siwezi kuhukumu fikihi yao. Ninachoona ni kwamba suala la mke na binti lina uzito ambao majibu ya Kalebu hayaugusi.

Dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya biashara: kwamba Uman ni mradi wa fedha wenye ndevu. Ni kweli fedha zipo. Mkazi wa ghorofa iliyo jirani na kaburi anaweza kuhamia kwa ndugu kwa wiki moja na kupangisha vyumba vyake kwa kiasi ambacho hakipati kwa mwaka wa kazi ya kawaida. Pana hoteli, majiko ya chakula cha kosher (kilicho halali kwa Wayahudi), mabasi, madalali wa Israel na wa Ukraine, na ugomvi wao juu ya nani anashika nini. Lakini hoja hii inatufundisha kidogo sana. Kuanzia 1811 hadi 1988 hapakuwa na senti ya faida Uman. Palikuwa na umaskini, dhihaka, kisha polisi wa siri. Jambo lililodumu miaka 177 kwa hasara haliwezi kuelezwa kwa faida iliyokuja baadaye. Fedha zimeifuata hija. Na anayeishia hapo hapati nafasi ya kuuliza fedha hizo zinajenga nini na juu ya nini.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe. Chukua mfano wa kuhani, yaani Myahudi wa uzao wa Haruni. Sheria inamkataza kuingia makaburini au kukanyaga juu ya kaburi la asiye jamaa yake wa karibu. Akifika Uman ana swali ambalo wengine hawalioni: makaburi yanaanzia wapi? Kaburi la Nachman liko ndani ya jengo la sinagogi, hilo linajulikana. Lakini makaburi ya kale yalikuwa mapana, na sehemu yake leo ni mitaa, nyua na misingi ya nyumba. Ngazi anayopanda kwenda chumba alichokodi inaweza kuwa imesimama juu ya wafu wa 1768. Marabi wamebishana juu ya wapi makuhani wapite na wapi wasipite. Hao ndio karibu watu pekee mjini humo wanaolazimishwa na dini yao kukumbuka kila hatua kwamba pale pote ni makaburi. Wengine wote, mahujaji na wakazi, wanatembea tu.

Katika sheria ya Kiyahudi kaburi ni la milele. Halifukuliwi isipokuwa kwa sababu chache mno, na ardhi haitumiwi tena hata kama mawe yote yametoweka na hakuna jamaa aliyebaki hai. Kwa kipimo hicho aliyezikwa bila jina Uman ana haki ileile aliyonayo Nachman. Lakini angalia yanayotokea katika nchi hiyo. Ukraine ina makaburi ya Wayahudi zaidi ya elfu moja. Pale alipozikwa mwenye haki mashuhuri, kama Medzhybizh kwa Baal Shem Tov au Berdychiv kwa Rabi Levi Yitzchak aliyefariki 1809, pana jengo, taa, maji ya kunawa mikono na mtu wa kufungua geti. Pale ambapo hakuna, kama makaburi ya Sataniv yenye mawe yaliyochongwa simba, ndege na mataji ambayo wanahistoria wa sanaa wanayaheshimu sana, pana ukimya na magugu. Tangu 2015 shirika la Ulaya la kuhifadhi makaburi ya Wayahudi, lililoanza kwa fedha za serikali ya Ujerumani, limekuwa likizungushia uzio makaburi ya namna hiyo katika nchi kadhaa na kuyapima kwa droni. Ni kazi ya heshima, lakini uzio hauwezi kuwekwa mahali ambapo tayari watu wanaishi.

Leżajsk, kusini mashariki mwa Poland, inaonyesha njia nyingine. Huko alizikwa Rabi Elimelech, mmoja wa walioueneza Uhasidi Poland, aliyefariki 1787. Kila tarehe 21 ya mwezi wa Adari wa kalenda ya Kiyahudi maelfu humiminika kwenye kaburi lake na kuacha vikaratasi vya maombi. Wanazi waliyaharibu makaburi hayo na mawe yakatumika kutengenezea njia. Baada ya vita jengo la juu ya kaburi lilisimamishwa upya. Lakini kilima chenyewe kimebaki kilima cha makaburi: ukipanda unaona kwamba uko makaburini, kuna mawe machache yaliyookolewa, na kaburi la mkuu limo ndani ya eneo la wenzake. Leżajsk ilipoteza jamii yake kama Uman. Tofauti ni kwamba ardhi haikujengwa, kwa hiyo mahujaji wanaporudi wanakuta mahali bado pana sura yake. Uman hapana, na ndiyo maana huko hija peke yake haitoshi.

Upande wa wenyeji nao lazima usikilizwe bila kuwageuza wabaya. Mji huo una sanamu ya Gonta na Zalizniak. Kwa Waukreni wengi hao ni mashujaa wa watumwa wa mashamba walioinuka dhidi ya mabwana wa Kipolandi. Kwa Wayahudi ni majina ya wachinjaji. Mwaka 2013 msalaba mkubwa ulisimamishwa ng'ambo ya ziwa ambalo mahujaji husalia kando yake, wakauona kama uchokozi, na haukuchukua muda ukaharibiwa. Mwaka 2016 watu waliingia sinagogini na kichwa cha nguruwe. Uchafu huo wa 2016 hauna utetezi. Lakini mkazi anayefungiwa mtaa wake na polisi kila vuli, anayepitia vizuizi kwenda nyumbani kwake na kuokota taka za wageni wasiomsalimia, ana malalamiko halali, na sasa ana ndugu walioko mstari wa mbele. Wakati fulani mwaka 2023 Ukraine ilitishia kuwazuia mahujaji kwa sababu ya namna Waukreni walivyokuwa wakitendewa katika kuingia Israel. Kaburi likawa karata ya kidiplomasia. Na Israel kwenyewe safari ya Uman imeingia katika ugomvi wa vijana wa Kiharedi, yaani Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali zaidi, wasiojiunga na jeshi, je, waruhusiwe kupita uwanja wa ndege au wakamatwe. Katika mivutano yote hii hakuna anayewasemea waliozikwa.

Kuna wanaopendekeza mabaki ya Nachman yahamishiwe Jerusalem, na wazo hilo limejadiliwa zaidi ya mara moja. Lina mvuto: hatari ingekwisha, familia zingebaki pamoja, Ukraine ingepumua. Naliona ni kosa kubwa. Lingevunja wosia wa mtu aliyechagua majirani zake. Na siku jeneza linapoondoka Uman, sababu ya mwisho ya dunia kukumbuka kwamba pale kuna makaburi inaondoka nalo. Mashahidi wa 1768 wangebaki chini ya lami bila mgeni hata mmoja.

Kwa hiyo wenye hija ndio wanaopaswa kubadilika kwanza, kwa kuwa wao ndio warithi pekee waliobaki wanaofika. Kila mmoja wao tayari anatoa sadaka kaburini kwa agizo la Nachman. Sehemu ya sadaka hiyo ingeweza kulipia mambo ambayo hayahitaji vita viishe: kutafuta ramani za mji za zama za tsari na za Kisovieti, kupima ardhi kwa rada bila kuchimba, kuweka alama za mipaka ya makaburi ya kale, na kuandika majina ya waliouawa 1941 yanayojulikana mahali ambapo umati unapita. Hakuna rabi wa Breslov atakayesema kuwaheshimu majirani wa mwalimu wake ni kupunguza heshima yake. Halmashauri ya mji nayo, iliyozoea kuipanga Rosh Hashana kama kazi ya polisi ya wiki mbili, inahitaji kuitambua ardhi yote hiyo kisheria kuwa ni makaburi, na wanaoishi juu yake wapewe hakikisho kwamba hawatafukuzwa, maana si wao waliong'oa mawe.

Haraka ya jambo hili inatokana na amani, siku itakapokuja. Anga likifunguliwa, ndege zitatua Kyiv tena, na waliokuwa wakiogopa vita watajiunga na ambao hawakuogopa. Wawekezaji watataka kujenga hoteli karibu na kaburi kadiri inavyowezekana, kwa kuwa kila mita inayokaribia inauzwa ghali zaidi, na mita hizo ndizo zenye wafu. Kipimo cha rada na ramani ya mipaka vinapaswa kuwa mezani kwa halmashauri ya Uman kabla kibali cha kwanza cha ujenzi hakijatiwa saini.